Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

"Weka hapo tu, mama," Odeta alisema bila kuinua uso. Mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa gundi.

Mama aliyeingia hakuweka hapo tu. Kwanza alifuta meza kwa pindo la kitenge chake, akapuliza, akafuta tena. Ndipo akatoa kwenye mfuko kitabu kisicho na jalada, kimebanwa kwa mpira, na kando yake akaweka kifurushi chembamba kilichofungwa kwa gazeti. Alikuwa mama mrefu, mkavu, wa miaka sabini na kitu, na kila alipotaka kuona jambo aligeuza kichwa upande kama kuku anayeangalia punje. Binti aliyekuja naye alikuwa amemshika kiwiko.

"Shikamoo," Odeta akakumbuka.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Mwalimu Paskazia, nimetoka Misungwi. Nilistaafu zamani. Huyu ni Hellen, mjukuu wangu. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa vitabu."

"Fundi ni mzee Pradip. Mimi nashona tu."

Hapo alidanganya. Mzee Pradip, mwenye duka, alikuwa na miaka mitatu hajashika sindano. Mikono ilimtetemeka, na kazi yake sasa ilikuwa kukaa kwenye kiti mlangoni, pale mtaa wa Mirongo, kusoma matangazo ya vifo na kulalamika kwamba watu siku hizi hawatengenezi vitabu, wanatupa. Kila kitabu kilichotoka mle kikiwa na mgongo ulionyooka kilikuwa kimepita mikononi mwa Odeta.

"Macho yananiaga, mwanangu," Mwalimu Paskazia akaendelea. "Presha ya macho. Kesho kutwa naingia hospitali, wakaone kama kuna kilichobaki cha kuokoa. Nikitoka nataka nikisome hiki mwenyewe, mara moja ya mwisho. Nimekisoma mara nne tangu nikiwa msichana. Kuna mwanamke humo anaitwa Limi, alivuka na watoto wake kwenda kufyeka pori la Geita, enzi hizo huko hakuna mtu. Mambo yote nayakumbuka, hata jina la ng'ombe wake. Mwisho tu ndio umenitoka. Nakaa nauita, hauji."

Akagonga kile kifurushi cha gazeti kwa kidole, akasema jambo, akakigonga tena. Odeta akaitikia, "Ndiyo, mama. Sawa, mama." Hakuwa anasikiliza. Siku hizo mteja akianza kusimulia yaliyomo ndani ya kitabu, masikio ya Odeta yalijifunga yenyewe. Kitabu kwake kilikuwa karatasi, uzi na gundi, basi.

Haikuwa hivyo zamani. Zamani Odeta alikuwa mlafi wa vitabu. Hakuna kilichoingia dukani kikatoka bila yeye kukisoma: sheria za ardhi, riwaya, vitabu vya nyimbo za kanisani, hata kitabu cha ufugaji wa nyuki kilichomfanya aote nyuki wiki nzima. Mzee Pradip alikuwa akimtania kwamba kitabu kikipita kwake kinatoka chepesi, maana maneno ameshayala. Alisoma akisubiri gundi ikauke, alisoma akitembea kurudi kwake Kirumba, akajikwaa, akatukanwa na wasukuma mikokoteni, akacheka, akaendelea kusoma.

Kisha Modesta akafa.

Alikuwa na miaka tisa, mtoto wake wa pekee, na ugonjwa wa selimundu ulikuwa umemzoesha wodi kama watoto wengine wanavyoizoea njia ya shule. Kila alipolazwa, Odeta alikwenda na kitabu. Modesta alipenda kusikiliza akiwa amefumba macho, na mama yake akinyamaza kidogo kumeza mate, yeye husema, "Endelea." Hakuwa akisema zaidi ya hilo. Alasiri ya siku ile hadithi ilikuwa nzuri, ilimnogea Odeta mwenyewe. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akaenda mpaka mwisho wa sura, ndipo muuguzi alipokuja akaweka kiganja juu ya kitabu. Kurasa mbili, labda tatu, Odeta alikuwa amezisoma kwa sauti, tena akiigiza sauti ya kila mtu, kwa mtoto ambaye hakuwepo tena. Hakugundua, kwa kuwa alikuwa anasoma.

Miaka miwili sasa hakuweza tena. Si kwamba alikataa. Alijaribu. Alifungua kitabu, herufi zikawa kama dagaa walioanikwa mchangani Mwaloni, wengi, wamelala, hawasemi kitu. Akifika mstari wa tatu alikuwa ameshasahau wa kwanza. Akafunga, akajaribu kingine, akafunga, mwishowe akaacha. Na mzee Pradip, aliyekuwa akimwita Mama Modesta, baada ya msiba alianza kumwita Odeta, kwa huruma, na Odeta hakupata namna ya kumwambia kwamba huruma ile ilimnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho.

Wiki hiyo ya Desemba kulikuwa na kazi ya haraka. Shule moja ya msingi ya Misungwi ilikuwa imeagiza madaftari arobaini ya mahudhurio, yafike kabla watoto hawajarudi Januari. Kila daftari lilitaka mkanda wa karatasi mgongoni, chini ya kitambaa, ili mgongo ukae. Kwa mikanda hiyo mzee Pradip hakuruhusu karatasi mpya. Karatasi mpya ina kiburi, alisema, inajikunja inavyotaka. Ya zamani imeshachoka, inatii. Kwa hiyo chini ya meza palikuwa na kreti la makaratasi makuukuu, na Odeta aliyakata kwa wima, vipande vyenye upana wa vidole viwili, akavipaka uji wa unga wa ngano uliotiwa mrututu, dawa ya buluu, ili mende wasile, akabandika. Kreti likiisha, aliokota chochote cha zamani kilichokuwa mezani.

Asubuhi ile, mvua inapiga bati na Mwalimu Paskazia ameshaondoka zake, kreti lilimwishia akiwa kwenye daftari la nane. Akanyoosha mkono bila kutazama sana, akapata, akakata, akaendelea. Kufikia saa sita madaftari yote arobaini yalikuwa kwenye shinikizo la kubania vitabu. Kesho yake gari likaja likayachukua.

Ndipo akakishika kitabu cha mwalimu.

Fundi hashoni kabla hajahakikisha kurasa zimefuatana. Zamani alihakikisha kwa kusoma. Sasa alihakikisha kwa namba, jicho linashuka pembeni tu, arobaini na moja, arobaini na mbili, kama anayehesabu mbuzi wa mtu mwingine. Kwenye ukurasa wa hamsini na tatu jicho likateleza. Likaangukia mstari mmoja:

"Limi hakulia. Alitafuta kwanza jembe lilipo."

Akaurudia. Akapanda mistari michache juu yake aelewe. Mtoto wa pili wa huyo Limi alikuwa amekufa kwa homa, huko porini, mwendo wa siku mbili kutoka kwa mtu yeyote, na mwandishi alikuwa anasema mama mtu alitafuta jembe.

"Mwongo," Odeta akasema kwa sauti.

Mzee Pradip akageuka kwenye kiti chake. "Nani?"

"Huyu aliyeandika. Mwanamke gani asiyelia?"

Mzee akamtazama, miwani imemshukia puani. Alikuwa hajamsikia akizungumza na kitabu kwa miaka miwili. Alirudisha uso kwenye gazeti lake haraka, na Odeta akaona gazeti lenyewe amelishika kichwa chini.

Alikisoma kwa ubishi, si kwa raha. Alitaka kumkamata mwandishi akidanganya. Siku ya kwanza alirudi mwanzo akasoma ukurasa mmoja, akachoka kama aliyebeba ndoo kutoka ziwani. Siku ya pili akasoma mmoja na nusu. Herufi bado zilimtoroka, lakini hasira ilizirudisha. Limi, mwandishi alisema, aliishi huko huko Misungwi enzi za Mwingereza, ardhi imechoka na serikali inalazimisha watu wapunguze ng'ombe. Mume hakutaka kuhama. Limi akachukua mabinti wawili na ng'ombe mmoja mweupe aliyeitwa Nyange, akavuka ghuba ya ziwa mpaka upande wa magharibi, kwenye pori ambalo watu waliliogopa kwa ajili ya mbung'o. Mwezi wa kwanza mbung'o wakamuua Nyange. Mwezi wa tatu akafa binti mdogo. Limi akafyeka. Akalala juu ya dungu kwa kuogopa fisi, akashuka, akafyeka.

Alimzika mtoto ukingoni mwa shamba. Hapo Odeta alitulia siku nne bila kufunua ukurasa, kwa sababu mwandishi alieleza kwamba kila mwaka Limi alipoongeza shamba, ukingo ulisogea, na kaburi halikusogea, mpaka mwaka wa saba likajikuta katikati ya mihogo, na Limi akawa analima kulizunguka. Odeta alikaa na mkono juu ya ukurasa. Kaburi la Modesta lilikuwa Ukerewe, kwa wazazi wa Odeta, na yeye hakuwa amekwenda hata mara moja tangu wazike.

Kwenye ukurasa wa mia moja ishirini na moja Limi alilia. Ilikuwa miaka minane baadaye, kwa sababu ya chungu kilichopasuka. Alilia tangu asubuhi mpaka jua likatua, binti yake mkubwa akadhani amerogwa. Odeta akamsamehe mwandishi. Sasa alisoma kurasa tano kwa siku, kumi, gundi inakauka sufuriani hana habari, na mzee Pradip anawaambia wateja kwa sauti ya chini warudi kesho, fundi ana kazi. Hakuwa na furaha. Asikudanganye mtu kwamba alipona. Ila kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa mahali alipokuwa yeye, na mtu huyo alikuwa bado hajamaliza kusema.

Ukurasa wa mia moja tisini na moja akaja mgeni kwa Limi. Mwanamke kijana kutoka upande wa mashariki, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, anataka aonyeshwe mahali pa kufyeka. Limi amezeeka. Wakakaa, wakala mihogo, mgeni akaliona kaburi katikati ya shamba, akaambiwa. Akauliza: "Mama, na ungejua yote haya tangu mwanzo, ungevuka?"

Odeta akafunua. Chini kabisa ya ukurasa wa mia moja tisini na mbili paliandikwa: "Limi alichomeka jembe ardhini, akamtazama yule mtoto mgongoni mwa mgeni, akasema"

Akahamisha jicho upande wa pili, akakuta meza.

Akatazama chini ya meza. Akainua shinikizo, akainua makopo, akafungua droo ambayo haikuwa na kitu zaidi ya nyuzi. Fungu moja la kitabu kile lilikuwa na kurasa kumi na sita, na mafungu yalikuwa kumi na mawili; kwa namna uzi wa zamani ulivyokatika, palikuwa pamebaki nafasi ya fungu la kumi na tatu. Alijua hayo kwa vidole kabla kichwa hakijakubali. Ndipo akalivuta kreti, na chini ya kreti, limekunjamana, akalikuta lile gazeti la kifurushi. Pembeni, palipokuwa peupe, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa mwalimu, mkubwa, wa ubaoni: "Kurasa za mwisho, 193 hadi 208. Tafadhali zisipotee."

Lilikuwa limekaa mezani, maandishi yake yakimtazama usoni. Odeta wa zamani asingeweza kupita neno lolote lililoandikwa bila kulisoma, hata karatasi ya maandazi. Huyu wa sasa alikuwa amelifungua kama mtu anavyomenya ndizi, akatoa karatasi nane kuukuu, akazigawa kila moja mara nne. Mikanda thelathini na miwili, kwa madaftari thelathini na mawili yaliyobaki.

Akakaa sakafuni.

Mzee Pradip alisikiliza habari yote akiwa amesimama, jambo ambalo hakulifanya siku hizi hata kwa mkaguzi. "Nakala nyingine itakuwepo," alisema, akampigia ndugu yake Ashish wa Dar es Salaam, ambaye anawajua wauza vitabu vya zamani wote. Ashish akauliza kinaitwaje. Hapo wakatazamana. Odeta akampigia Hellen. Jalada na ukurasa wa jina vilitoka kabla hajazaliwa, Hellen alisema. Bibi anakiita Limi tu. Kisha akasema, "Anauliza kimefikia wapi. Kila siku anauliza. Anasema huko wodini ndicho kinachomfanya avumilie sindano."

"Mwambie kinaendelea," Odeta akajibu, akakata simu, akajichukia.

Maktaba hawakuwa nacho. Ashish hakupata. Mwisho mzee Pradip akashauri, akiangalia pembeni, kwamba ashonee kurasa kumi na sita nyeupe mwishoni, kitabu kipate unene wake. "Simaanishi umdanganye," alisema. "Nasema tu kitabu kisikae kama kilichokatwa mguu." Odeta akashona kurasa nyeupe. Akajiambia ni kwa ajili ya kubandika mikanda, akiipata.

Mwisho wa Januari akaenda Misungwi.

Mwalimu mkuu wa shule ile, jina lake Chenge, alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. Darasa la jirani watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba.

"Kwa hiyo, mama, unataka kuchana madaftari ya serikali kwa sababu ya hadithi."

"Sichani, mwalimu. Nalowesha mgongo kwa kitambaa, nautoa mkanda, naweka mwingine, nalirudisha kama lilivyokuwa. Hata hutajua."

"Haya ishirini na tisa yameshaandikwa. Wino huu ukiona maji tu, watoto wangu wamefutika." Akafungua moja amwonyeshe. Majina yalishuka, alama zikiwa zimepangwa mstari kwa mstari, na katikati jina moja lilikuwa limepigwa mstari mwekundu kwa rula. Odeta aliujua mstari ule. Alishawahi kuitwa shuleni kuchukua vitu vya Modesta, akauona kwenye daftari lingine, umenyooka vilevile.

"Huyu amehama?"

"Hapana," mwalimu mkuu akasema, akafunga daftari taratibu. "Huyu tulimzika wiki iliyopita."

Jedwali la saba likafika mwisho, likaanza upya.

Mwalimu Chenge akafungua kabati. Yalikuwemo madaftari kumi na moja ya akiba, hayajaandikwa kitu. "Haya chukua muda wako," alisema, akamwagizia maji kwenye beseni, akatoka amwache.

Odeta alifanya kazi mpaka mchana. Uji wa ngano ni mwema, ukilowa unaachia. Lakini yeye alikuwa amebandika vizuri, kama alivyofundishwa, na kila mkanda uliotoka ulitoka kwa kubembelezwa, kidogo kidogo, kwa ncha ya kisu. Minne ilikuwa ya makaratasi mengine. Miwili ikachanika ikawa tope mikononi mwake. Ikabaki mitano. Aliiweka juu ya kitambaa, akaisogeza mwangani. Kwa kuwa alikuwa amekata kwa wima, kila mstari ulikuwa umebaki na maneno mawili, matatu, yaliyokatwa kulia na kushoto, na baadhi yalikuwa yameingia buluu ya mrututu. Aliona neno "mvua". Aliona "Limi". Hakuweza kujua mkanda upi ni wa ukurasa upi. Akaiweka kwenye kopo la majani ya chai, akamshukuru mwalimu mkuu, na alipofika nje akasimama chini ya mlingoti wa bendera akilia kwa sauti, watu wazima na watoto wanamwona, kwa mara ya kwanza tangu Modesta azikwe.

Mwalimu Paskazia alikuja Februari, siku ya Alhamisi, asubuhi. Odeta alimwona tangu ng'ambo ya barabara na akajua kabla hajafika. Hakugeuza tena kichwa upande. Alitembea amekiweka sawa, miwani myeusi usoni, mkono wa kushoto umeshika bega la Hellen na wa kulia umetangulia mbele.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wamejitahidi, lakini waliniambia kilichokwenda kimekwenda, na kilichobaki nacho kikaenda." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeshasema mara nyingi. "Kimekwisha?"

"Kimekwisha, mama."

Mzee Pradip aliinuka akampa kiti chake. Odeta akampa kitabu. Alikuwa amekivika kitambaa cha kahawia, mgongo wake umenyooka, na katika maisha yake yote hakuwa ameshona kazi nzuri kuliko ile. Mwalimu akakinusa. Akapitisha kiganja juu ya jalada, akashuka mgongoni, akatabasamu.

"Umemtendea Limi haki. Nilidhani nitamsoma mwenyewe, sasa Hellen atanisomea, ingawa Hellen anasoma kama anafukuzwa." Hellen akacheka kidogo. Kidole gumba cha mwalimu kilikuwa kinaachia kurasa mojamoja, za zamani, laini, kwa raha kabisa. Odeta akakitazama kidole kile kinavyokwenda. Alikuwa ameandaa maneno tangu Misungwi, na hakuyatoa.

Kidole kikasimama. Kikarudi, kikaenda tena.

"Hizi ni mpya," Mwalimu Paskazia akasema.

Akazibana kati ya vidole viwili.

"Hellen, hizi za mwisho zimeandikwa nini?"

Hellen akainama, akafunua, akamtazama Odeta. "Nyeupe, bibi. Hazijaandikwa kitu."

"Mama, niliuchana mimi," Odeta akasema. "Mwisho. Niliukata nikaubandika kwenye migongo ya madaftari ya shule. Nilidhani ni karatasi kuukuu."

"Niliandika. Juu ya gazeti niliandika."

"Uliandika, mama. Sikusoma."

"Fundi wa vitabu hasomi?"

"Nilikuwa nimeacha." Akaona lazima aseme yote. "Mwanangu alikufa nikiwa namsomea. Sikujua kama ameshakufa. Nikaendelea kumsomea."

Mwalimu Paskazia alikilaza kitabu mapajani. Uso wake haukulainika, na Odeta hakutegemea ulainike.

"Pole," alisema. "Pole sana, mwanangu. Lakini hilo halinirudishii kitu. Nimekaa wodini siku arobaini na tatu nikijiambia, macho yakienda, yaende, mwisho wa Limi upo Mirongo unanisubiri. Sasa niambie nisubiri nini."

Odeta akalitazama kopo la majani ya chai pale mezani.

"Umebakiza kiasi gani?"

"Mpaka mgeni anapomuuliza kama angevuka. Na mikanda mitano, vipande tu, havina kichwa wala miguu."

"Kumbe anaulizwa." Mwalimu akageuza uso kuelekea barabarani, kwa mazoea. "Hilo nalo lilikuwa limenitoka." Kisha akakinyoosha kitabu mbele yake, hewani, mahali ambapo Odeta hakuwepo, na Odeta ikabidi asogee akipokee. "Soma. Anzia mgeni anapofika."

"Mama, Hellen ata..."

"Wewe."

Hakuwa amesoma kwa sauti tangu alasiri ile. Alivuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya mwalimu, akafungua ukurasa wa mia moja tisini na moja. Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ikatoka imekwaruza. Alisoma mgeni anavyokuja na mzigo wake, na mihogo, na kaburi lililozungukwa na shamba. Hakuigiza sauti ya mtu yeyote. Mzee Pradip alikuwa amesimama mlangoni akiwazuia wateja kwa mkono. Odeta akasoma swali la mgeni. Akafunua.

"'Limi alichomeka jembe ardhini,'" alisoma, "'akamtazama yule mtoto mgongoni mwa mgeni, akasema'"

Akanyamaza. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

Mwalimu Paskazia alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, mikono imelegea mapajani, macho nyuma ya miwani hayaonekani kama yamefumba au yako wazi. Hakutikisika. Barabarani pikipiki ilipita, ikaja nyingine, na bado hakutikisika. Odeta hakuthubutu kuinua uso. Aliangalia vidole vya yule mama, virefu, vimetulia kabisa juu ya kitenge, akakumbuka alasiri ile ya wodini, akajua kwamba safari hii lazima atazame, na hawezi.

"Endelea," Mwalimu Paskazia akasema.

Odeta akanyoosha mkono mezani, akachukua lile kopo la majani ya chai, akalifungua, akatoa mkanda wa kwanza uliokuja. Ulikuwa mgumu kwa gundi, buluu pembeni. Akausogeza kwenye mwanga wa mlango.

Neno la kwanza lilikuwa limekatwa katikati. Akaanza na la pili.